Ukuta wa bakteria na uwezo wa kuleta ugonjwa: dhana potofu na ukweli

Jioni yoyote katika maduka ya dawa ya Kariakoo au Mbagala utamsikia mteja akiomba amoksilini kwa ajili ya kifua bila kupimwa, na mara nyingi anapewa. Nyuma ya ombi hilo zimejificha imani kadhaa kuhusu bakteria zinazowagharimu wakazi wa Dar es Salaam fedha na afya, na nyingi zingeondoka kama tungeelewa jinsi ukuta wa seli ya bakteria ulivyojengwa.

Dhana: bakteria mwenye ukuta mnene ndiye hatari zaidi.

Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliona kwamba baadhi ya bakteria hubaki na rangi ya zambarau hata wakioshwa kwa alkoholi, ilhali wengine huipoteza. Wale wanaoishika, yaani Gram chanya, wana tabaka nene la peptidoglikani, wavu wa sukari na protini fupi unaoupa ukuta nguvu. Wanaoipoteza, yaani Gram hasi, wana tabaka jembamba lililofunikwa na utando wa nje. Tofauti hiyo humsaidia sana daktari, lakini haimwambii nani mkali na nani mpole. Bakteria wanaogandisha mtindi ni Gram chanya, sawa na stafilokokasi anayeleta majipu, na kimelea cha kipindupindu, ambacho ni Gram hasi, humpotezea mgonjwa maji mwilini kwa sumu kinayoitoa ndani ya utumbo, wala si kwa unene au wembamba wa ukuta wake.

Kinacholeta tofauti mara nyingi ni vile vilivyopachikwa juu ya ukuta au kuuzunguka. Stafilokokasi ana protini A, ambayo hukamata kingamwili kwa upande usiofaa hadi zisiweze kumwelekeza askari wa mwili. Nimokokasi, bakteria anayeleta homa ya mapafu, naye hujivika ganda la sukari linalomfanya ateleze mbele ya seli zinazotaka kummeza. Mtafiti Mwingereza Frederick Griffith alionesha mwaka 1928 kwamba wenye ganda waliua panya, na wasio na ganda hawakuwaua.

Dhana: bakteria akishakufa hana madhara tena.

Katika utando wa nje wa Gram hasi kuna lipopolisakaridi, molekuli ya mafuta na sukari, ambayo sehemu yake iitwayo lipidi A ni sumu. Bakteria wanapopasuka kwa wingi ndani ya damu, sumu hiyo huachiliwa na inaweza kupandisha homa, kushusha shinikizo la damu na kudhoofisha figo, na ndiyo sababu mgonjwa wa aina hii huhitaji uangalizi wa karibu hospitalini hata baada ya kuanza dawa.

Dhana: amoksilini inatibu kila kikohozi.

Amoksilini, kama ndugu yake penisilini, huzuia nyuzi za peptidoglikani zisiunganishwe, ukuta ukalegea na bakteria akapasuka. Seli za binadamu hazina peptidoglikani, kwa hiyo hazina cha kuvunjwa na dawa hii. Lakini bakteria aitwaye maikoplazma, ambaye huleta homa ya mapafu, hana ukuta kabisa, na virusi vya mafua pia havina. Hapo kidonge hakina pa kushika. Anayekunywa amoksilini kwa mafua hapati nafuu yoyote kutokana nayo, na huwapa bakteria wengine walio mwilini mwake nafasi ya kujenga usugu dhidi ya dawa. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu usugu huo hauishii kwake. Huambukizwa kwa watu wa nyumbani na wa mtaani.

Dhana: kikohozi cha kifua kikuu kikikoma, dozi imetosha.

Ukuta wa kimelea cha kifua kikuu umejaa asidi ya mikoliki, mafuta mazito kama nta. Katika maabara, mtaalamu hupaka makohozi kwenye kioo, humimina rangi nyekundu, hupasha moto kwa chini mpaka mvuke uonekane, kisha huosha kwa asidi na alkoholi na kumalizia kwa rangi ya buluu. Kila kitu kwenye kioo hugeuka buluu isipokuwa vijiti vyembamba vyekundu: nta ile imekataa kuachia rangi. Nta hiyohiyo huzuia dawa nyingi kupenya na humsaidia kimelea kuishi ndani ya seli zilizommeza ili zimuue. Tena huzaliana polepole, takribani mara moja kwa siku, na wengine hulala bila kukua, hali inayowafanya wasiguswe upesi na dawa.

Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hushambulia utengenezaji wa asidi ya mikoliki, lakini peke yake haitoshi, hivyo dozi ya kawaida huunganisha dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mgonjwa huitwa kutoa makohozi tena mwishoni mwa mwezi wa pili, hata kama amekwisha kunenepa na kurudi kazini, kwa sababu darubini inaweza kuona vimelea ambavyo kifua chake hakivihisi tena.