Injili zinapofanana na zinapopishana: dhana potofu na ukweli

Mjadala wa Injili kwa kawaida huanzia kwenye tofauti. Kaburini alikuwapo malaika mmoja au wawili? Akina mama walikuwa wangapi? Maswali hayo ni halali, lakini gumu zaidi ni lile lisiloulizwa. Watu wakisimulia jambo moja, kupishana ni kawaida. Kinachodai maelezo ni pale Mathayo, Marko na Luka, zile Injili Ndugu, wanapotumia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule.

Dhana: Zinafanana kwa sababu waandishi walishuhudia mambo yale yale.

Kushuhudia tukio moja huleta kisa kimoja. Hakuleti sentensi moja. Yesu alifundisha kwa Kiaramu, nazo Injili ziliandikwa kwa Kigiriki. Maneno yake yalikwisha kutafsiriwa kabla hayajatufikia, na tafsiri mbili zisizojuana hazilingani neno kwa neno. Ushahidi umo ndani ya Biblia ya Union Version yenyewe. Katika Mathayo 3:8 Yohana Mbatizaji anasema "zaeni matunda yapasayo toba". Katika Luka 3:8 anasema "toeni matunda patanayo na toba". Mtu atadhani Kigiriki kinatofautiana hivyo. La. Kitenzi ni kimoja, na kivumishi ni kimoja; kinachobadilika ni kwamba Mathayo ana tunda kwa umoja na Luka kwa wingi. Ni watafsiri waliotumia maneno mawili. Hotuba hiyo nzima (Mathayo 3:7-10, Luka 3:7-9) ina zaidi ya maneno 60 ya Kigiriki yanayokaribia kulingana yote. Hapo kuna maandishi yaliyonakiliwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni yule mwenye kupooza. Yesu anawaambia waandishi kwamba Mwana wa Adamu ana amri ya kusamehe dhambi, na katikati ya sentensi msimulizi anaingilia: hapo akamwambia yule mwenye kupooza. Katizo hilo limo katika Marko 2:10, Mathayo 9:6 na Luka 5:24, mahali pale pale. Si maneno ya Yesu hata yakumbukwe na wengi. Ni ya mwandishi. Luka mwenyewe hafichi: anafungua kwa kusema kwamba wengi walikwisha kuandika kabla yake, naye amejitafutia kwa usahihi.

Dhana: Marko ni muhtasari wa Mathayo.

Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, alilisema hili mnamo mwaka 400 hivi, na likashika kwa karne nyingi. Kitabu cha Marko ni kifupi kweli, lakini visa vyake ni virefu. Habari ya binti Yairo na mwanamke mwenye kutokwa damu inachukua aya 23 kwa Marko, 17 kwa Luka, 9 kwa Mathayo. Mtu anayefupisha hawezi kurefusha kila kisa kisha akaiacha Sala ya Bwana na Hotuba ya Mlimani.

Tazama pia marekebisho yanaelekea wapi. Marko 1:2 inataja nabii Isaya, kisha inaanza na maneno yaliyo karibu na Malaki 3:1. Mathayo 3:3 na Luka 3:4 wanamtaja Isaya na kuweka maneno ya Isaya tu. Ni rahisi kueleza mtu kuondoa tatizo kuliko kulitia. Mara nyingine mrekebishaji huchoka njiani: Luka 9:10 inapeleka kisa cha mikate mitano kwenye mji wa Bethsaida, lakini aya mbili mbele wanafunzi wanasema wako nyikani, kama Marko alivyoandika.

Kwa sababu hizi wataalamu wengi wanamweka Marko kwanza, karibu na mwaka 70. Kati ya aya zake 661 (ukihesabu hadi 16:8), karibu 600 zina mwenzake katika Mathayo.

Dhana: "Q" ni hati ya kale iliyopatikana.

Hakuna kipande chake hata kimoja. Mathayo na Luka wana aya 230 hivi zinazofanana ambazo Marko hana, nyingi zikiwa mafundisho. Q, kutoka neno la Kijerumani lenye maana ya chanzo, ni jina la hati inayokisiwa kuwa asili yake. Mwaka 1955 mtaalamu Mwingereza Austin Farrer alipinga: Luka alimsoma Mathayo, basi Q haihitajiki. Ubishi haujaisha.

Dhana: Kila tofauti ni kosa, au kila tofauti ina jibu.

Dhana hizi mbili hugombana, na zote mbili hukosea kwa kuweka tofauti zote kwenye kapu moja.

Nyingine ni za kubana maneno. Kwa Marko, Yairo anasema binti yu katika kufa, na habari ya kifo inaletwa baadaye na wajumbe. Mathayo amewaondoa wajumbe, hivyo baba anasema tangu mwanzo kwamba amekufa. Nyingine ni za kuchagua: Yohana 20:1 inamtaja Mariamu Magdalene peke yake, lakini aya inayofuata yeye anasema "hatujui walikomweka", kwa wingi. Nyingine ni za kupanga. Luka amekitanguliza kisa cha Yesu kukataliwa Nazareti, na alama imebaki: katika 4:23 watu wanataja yaliyotendeka Kapernaumu, wakati msomaji hajafikishwa Kapernaumu mpaka 4:31.

Halafu zipo zisizolainika. Kwa Marko 14:12 karamu ya mwisho ni ya Pasaka. Kwa Yohana 18:28 na 19:14 Yesu anahukumiwa kabla Pasaka haijaliwa. Baba yake Yusufu ni Yakobo kwa Mathayo, Eli kwa Luka. Kusema orodha ya ukoo ya Luka ni ya Mariamu ni kuongeza jambo ambalo aya haisemi, inamtaja Yusufu.

Dhana: Tofauti zimeletwa na wanakili, waliokopi vitabu kwa mkono.

Mara nyingi wanakili walifanya kinyume: walifananisha. Fungua Luka 11:2 katika Union Version uone mabano kwenye "yetu uliye mbinguni". Maneno hayo hayamo katika baadhi ya nakala za kale zaidi. Mnakili aliyeizoea sala ya Mathayo aliyajaza kwa Luka.

Dhana: Mtaguso wa Nisea ulichagua Injili nne.

Kanuni 20 za mkutano huo wa maaskofu (mwaka 325) hazizungumzii orodha ya vitabu. Askofu Irenei alikwisha kuzitetea nne, kwa majina, mnamo 180.

Namna ya kujionea mwenyewe

Chukua Mathayo 9:1-8, Marko 2:1-12 na Luka 5:17-26. Tumia tafsiri moja tu inayofuata maneno, kama Union Version. Habari Njema hufuata maana, haikufai hapa. Chora safu tatu, Marko katikati, na uache nafasi tupu pale mmoja anaponyamaza. Penseli nyekundu kwa yaliyo kwa wote watatu, bluu kwa Mathayo na Marko, kijani kwa Marko na Luka, njano kwa Mathayo na Luka. Usihesabu "na" wala "akasema", hayathibitishi kitu.

Nyekundu itajaa kwenye lile katizo. Njano itakuwa haba, lakini ipo: kwa Mathayo na Luka mtu yule anakwenda nyumbani kwake, maneno ambayo Marko hana, na wafuasi wa Farrer huyashika kama dalili kwamba Luka alimsoma Mathayo. Kisha tazama dari. Marko anasema waliomleta mgonjwa waliitoboa. Luka, kwa Kigiriki, anataja vigae, kama vya nyumba za miji ya Kigiriki. Hapo safu ya Mathayo ni tupu kabisa. Hakuna umati unaoziba njia, hakuna dari, hakuna kuteremshwa. Hata hivyo Mathayo 9:2 inasema Yesu "alipoiona imani yao", ilhali kwa Mathayo hawajafanya lolote zaidi ya kumleta mgonjwa kitandani.