Shaba kwenye slagi si kwamba "haijashuka bado", viputo ndo vimeirudisha juu

Wiki hii tena nimeitwa kwenye tanuru moja la kuyeyusha shaba huku Katanga, Kongo, slagi (ule uchafu wa mawe ulioyeyuka unaoelea juu) inatoka na shaba kibao, nauliza mnafanyaje, jibu lilelile: "haijashuka bado injinia, tunaipa muda itulie." Nimelisikia hili mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Mara nyingi sehemu kubwa ya shaba hiyo ilishashuka zamani. Ilikuwa chini kwenye mati (shaba, chuma na salfa vilivyoyeyuka pamoja, nzito kuliko slagi), viputo vya gesi vikaipandisha tena.

Fuata kiputo kimoja tu. Kinatoka kwenye mati, kinafika mpakani na slagi, kinasita kidogo, mpaka unavimba kama andazi, alafu kinapenya. Hakipenyi kitupu, kinakuwa kimevaa ngozi nyembamba ya mati, na nyuma kinaburuta mkia. Mkia unarefuka, unakatika, unakuwa matone makubwa, hayo hayana shida yanarudi chini fasta. Shida ni ile ngozi, mati inachuruzika pembeni, ngozi inakonda inakonda mpaka inachanika, na ikichanika inatawanyika chembe ambazo kwa macho huzioni. Zingine zinabaki zimegandamana na kiputo na kinapanda nazo, maana mati ina mvutano wa uso mdogo kuliko shaba tupu, inashika kiputo kirahisi. Kata kipande cha slagi iliyopoa, king'arishe, weka kwenye maikroskopu, utakuta shanga za mati, zingine zimekaa kabisa kwenye ukingo wa tundu la gesi.

Sasa huo "muda". Kwa slagi ya kawaida, tone la milimita 1 linashuka mita moja kwa kama dakika 4. La milimita 0.1 linataka masaa 6. La 0.01 linataka siku 25! Kipenyo kikipungua mara 10 muda unaongezeka mara 100, kwa hiyo mkisubiri masaa mawili mnayapata yaleyale makubwa ambayo yangeshuka hata bila nyinyi.

Alafu wananiambia "lakini hewa tuliyokuwa tunapuliza tumeifunga, viputo vitoke wapi?" Jamani, magnetaiti! Hii ni oksaidi ya chuma, na ile ya kwenye slagi ikikutana na salfaidi ya chuma ya kwenye mati inatoa gesi ya SO2 palepale mpakani, yaani kiputo kinazaliwa mahali pabaya kuliko pote. Ndo maana kila tanuru nikifika naomba kipimo cha magnetaiti kwanza kabla ya kuangalia kitu kingine. Silika (ule mchanga unaotiwa ili ushike oksaidi ya chuma) iwe ya kutosha, msipulize hewa kupita kiasi, na kama mnatia makaa ya koki kwenye tanuru la kusafishia slagi tieni mapema, maana nayo yanatoa gesi. Saa ya kutulia inaanza kuhesabiwa slagi ikishaacha kuchemka, si mkishafunga bomba.

Kama huamini jaribu nyumbani. Glasi, maji yenye rangi chini, mafuta ya kupikia juu, chukua mrija uushushe mpaka kwenye maji upulize taratibu. Utaona kila kiputo kinapanda na mkia wa maji, alafu mafuta yanajaa vitone vya rangi. Nimewafanyia hivi vijana wa zamu na wameelewa kuliko slaidi zangu zote.

Kauli zingine ninazozisikia, kwa kifupi. "Ongeza moto itatoka": moto unafanya slagi iwe nyepesi kutiririka na matone yanashuka haraka kidogo, ila viputo hauvizuii, na matofali ya tanuru yanaliwa.

"Shaba yote ya kwenye slagi ni matone": hapana, ingine imeyeyuka humo kama oksaidi, hiyo hata ukingoja mwaka haishuki, inataka kaboni ya kuinyang'anya oksijeni.

Na "slagi ni taka tu": Lubumbashi walianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na ule mlima wa slagi pale mjini, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza kurudishwa kwenye tanuru la umeme kutoa kobalti, shaba na zinki.