Kupigania haki ya ndoa katika mabunge ya majimbo: maana yake nini?

Nchini Marekani cheti cha ndoa hutolewa kwa sheria ya jimbo, na kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake, gavana wake na katiba yake. Msomaji wa Kenya au Tanzania, aliyezoea sheria ya ndoa kutungwa na Bunge la taifa, huenda akaliona jambo hili geni. Lakini ndilo lililofanya harakati za ndoa za jinsia moja zihamie kwenye miji midogo kama Montpelier, makao makuu ya jimbo la Vermont, na Albany, makao makuu ya jimbo la New York, mbali na Washington.

Tukisema watu walipigania haki hiyo kupitia mabunge ya majimbo, tunazungumzia kazi ya kumwendea mbunge mmoja mmoja na kumshawishi aunge mkono muswada unaoruhusu wanaume wawili au wanawake wawili kuoana kisheria, mpaka hesabu ya kura itimie. Mahakamani mambo ni mengine: majaji wachache husoma katiba na kutoa hukumu, kama ilivyokuwa Massachusetts mwaka 2003. Mbunge ana watu waliomchagua, anakutana nao sokoni na kanisani, na uchaguzi ujao unamnyima usingizi. Ushawishi huanzia hapo.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Vermont. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba wapenzi wa jinsia moja wanastahili manufaa yale yale wanayopata wanandoa, ikaliachia bunge lichague namna ya kuyatoa. Mwaka 2000 bunge likapitisha kitu kilichoitwa muungano wa kiraia: haki za ndoa ambazo jimbo linaweza kutoa, ila bila jina la ndoa. Hasira iliyofuata ilikuwa kali. Wabunge kadhaa waliounga mkono sheria ile waliangushwa katika uchaguzi wa mwaka huohuo.

Watetezi hawakufungasha virago. Waliendelea kuweka meza zao kwenye maonyesho ya wakulima, wakazungumza na kila aliyekubali kusimama. Watu wa kawaida walikwenda mbele ya kamati za bunge wakaeleza maisha yao: nani anamuuguza nani, nani analea watoto wa nani, na kwa nini neno "ndoa" lina uzito ambao "muungano" hauna. Kazi hiyo haina sherehe, na kwa maoni yangu ndiyo iliyozaa matunda.

Mwaka 2009 muswada wa ndoa kamili ukapita katika vyumba viwili vya bunge la Vermont, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Tarehe 6 Aprili Gavana Jim Douglas akaupinga kwa kura ya turufu. Kuibatilisha kulihitaji theluthi mbili ya kura katika kila chumba, na ulipopita mara ya kwanza katika Baraza la Wawakilishi muswada haukuwa umefikisha kiwango hicho. Kesho yake Seneti ilipiga kura 23 kwa 5. Baraza likapiga 100 kwa 49. Zilihitajika 100 kamili. Ingepungua moja tu, muswada ungekufa. Kuna mbunge aliyekuwa amesema hapana siku chache kabla, na siku hiyo akasema ndiyo. Hivyo Vermont ikawa jimbo la kwanza kuhalalisha ndoa hizo kwa uamuzi wa bunge lenyewe, bila amri ya mahakama. California ilikuwa imejaribu mapema zaidi: bunge lake lilipitisha muswada mwaka 2005, lakini gavana akaukataa.

New York inaonyesha gharama anayolipa mbunge. Desemba 2009 Seneti ya jimbo hilo iliukataa muswada kwa kura 38 dhidi ya 24. Mwaka uliofuata watetezi waliwaandama baadhi ya waliokataa katika majimbo yao ya uchaguzi. Kisha vikaandikwa vifungu vinavyohakikisha kwamba hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa asiyoiamini, na hilo liliwapa wenye shaka mahali pa kusimama. Juni 2011 muswada ukapita kwa kura 33 dhidi ya 29, wanne kati ya waliounga mkono wakiwa wa Republican, chama ambacho maseneta wake wengi waliupinga. Kufikia mwaka 2015 hakuna hata mmoja wa wanne hao aliyekuwa bado katika Seneti hiyo. Nawaheshimu sana kwa kura ile.

Ushindi wa bungeni unaweza pia kuporwa. Maine ilipitisha sheria yake Mei 2009, wapiga kura wakaifuta Novemba mwaka huohuo. Wapiga kura hao hao walibadili msimamo mwaka 2012, baada ya watetezi kugonga milango na kuketi na watu kwa mazungumzo marefu. Mwaka 2013 mabunge ya Rhode Island, Delaware, Minnesota, Hawaii na Illinois yakafuata.

Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ndoa hizo nchi nzima kwa kura 5 dhidi ya 4. Wengi walidhani mabunge ya majimbo yamemaliza kazi. Sivyo. Marufuku za zamani bado zimo katika sheria na katiba za majimbo mengi. Zimelala tu kwa sababu ya hukumu ile. Sheria ya taifa ya mwaka 2022 inalazimisha kila jimbo kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali kwingine, lakini hukumu ikitenguliwa, hailazimishi jimbo kutoa cheti. Ndiyo maana watetezi bado wanahesabu kura, jimbo kwa jimbo. Huko Virginia, kwa mfano, marufuku iliyoingizwa katika katiba mwaka 2006 haiondolewi mpaka bunge likubali mara mbili, uchaguzi wa wabunge ukiwa katikati, kisha wapiga kura nao waridhie.