"Ametoka ziwani" si jibu: dhana potofu za wauza samaki kuhusu masharti ya mnunuzi mkubwa

Juzi nilikuwa kwa wakala mmoja hapa Mwanza, mtu mzima anayeheshimika, aliyeanza kupeleka sangara kiwandani kabla mimi sijaanza kazi hii. Mbele yetu kulikuwa na maboksi 14. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hawa wa boksi la tatu wametoka wapi?" Akalitazama boksi, akayatazama maji, akanijibu: "Ziwani, mama. Kwani sangara hutoka wapi?"

Vijana wake wakacheka. Mimi nilichoka. Jibu hilo nimepewa Igombe, nimepewa Kayenze, nimevuka maji hadi Nansio nikapewa lilelile. Kazi yangu ni kuwakagua na kuwafundisha watu wanaoviuzia viwanda vinavyosafirisha minofu kwa makampuni makubwa ya nje, na dhana inayovunja kazi hiyo kuliko zote ni hii hapa.

Dhana: "Ziwa ni moja na samaki ni yuleyule. Alikovuliwa hakunihusu, mimi nimenunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki."

Ifuate njia ya samaki mwenyewe. Usiku anaingia kwenye nyavu za mtumbwi wa tajiri fulani, tuseme karibu na kisiwa cha Ukara. Asubuhi anapimwa kambini kwa wavuvi. Boti la kukusanyia linapita kambi nne au tano, linapakia, linaweka barafu, linaelekea Mwanza. Likifika, samaki wanatolewa na kupangwa kwa uzito: wa kilo mbili huku, wa kilo tano kule, wakubwa pembeni. Asili ya samaki inapotelea hapohapo, kwenye kupanga. Dakika kumi kabla, kila samaki alikuwa na kambi yake na mwenye mtumbwi wake. Dakika kumi baadaye wote ni "wa ziwani", na hakuna karatasi itakayowarudishia walichopoteza.

Kwa nini mnunuzi ajali? Kwanza, sheria inambana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002, kifungu cha 18, inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula aliye kwao ajue kapokea bidhaa kutoka kwa nani na kamuuzia nani. Sharti hilo linatumika tangu tarehe 1 Januari 2005. Wewe wa mwalo wa Kirumba hapa Mwanza halikufungi moja kwa moja, na hapo ndipo wengi hujifariji. Lakini anayeagiza minofu analiandika kwenye mkataba wake na kiwanda, kiwanda kinaliandika kwenye makubaliano yake na wewe, na maduka makubwa huongeza ya kwao juu yake: wanataka kufika hadi mwalo, wengine hadi namba ya mtumbwi. Ukiweka sahihi umejifunga, hata kama hukusoma.

Pili, na hili watu wa umri wangu hawana haki ya kulisahau, tulishaonyeshwa gharama ya kutojua. Mwaka 1999 zilienea habari za watu kuvua kwa sumu, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha samaki wa Ziwa Victoria. Waliotia sumu walikuwa wachache, katika maeneo machache. Waliofungiwa ni nchi zote tatu. Viwanda vilipunguza watu, bei mwaloni ikaanguka, na mvuvi ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa chupa ya dawa ya wadudu akaadhibiwa sawasawa na aliyeigusa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama mbele ya mnunuzi na kuthibitisha kwamba mzigo huu umetoka kambi ile safi na si ile nyingine. Tulisema wote kwa sauti moja kwamba wametoka ziwani, na ziwa zima likafungiwa.

Sasa shusha hesabu hiyo hadi kwenye biashara yako. Una maboksi 14, kumi ya kambi moja na manne ya kambi nyingine. Sampuli kutoka kwenye yale manne inapelekwa maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, jibu linarudi na kasoro. Kama umeandika na hukuchanganya, yanazuiwa manne. Kama hukuandika, yanazuiwa 14. Na kama kiwanda nacho kimeyachanganya ya kwako na ya mawakala wengine, kinapoteza siku nzima ya kazi, kisha kinafuta jina lako. Hakitakuwa kimekuonea.

Kuna hoja mbili ninazojibiwa kila mara. Ya kwanza ni kwamba mvuvi hatakutajia anakovua, kwa kuwa eneo lake ni siri yake. Kweli kabisa, na sijawahi kumwomba mtu anionyeshe mahali nyavu zake zilipo. Ninachotaka ni mwalo, tarehe, namba ya usajili ya mtumbwi, jina la mwenye mtumbwi na uzito. Vitu vitano.

Ya pili ni kwamba "hawa wavuvi ni wengi, siwezi kuwajua wote". Hoja hii ndiyo inayonipandisha hasira, maana mawakala wote ninaowafahamu wanakopesha. Wanatoa petroli, wanatoa nyavu, wanatoa barafu, mara nyingine hata unga wa kambi, ili samaki waje kwao na si kwa jirani. Na kila deni liko kwenye daftari: jina, tarehe, lita ngapi, mtumbwi upi, kambi ipi. Mvuvi akimuuzia mtu mwingine usiku, asubuhi wakala ameshapata habari. Mtu huyuhuyu anayejua nani anadaiwa lita 40 na amelipa kilo ngapi ananiambia hajui samaki wake wametoka wapi! Anajua. Hajawahi tu kuona kwamba daftari la madeni na rekodi ninayoidai ni kitu kimoja. Ongeza safu moja, ya namba ya boksi, umemaliza zaidi ya nusu ya kazi ambayo watu wanalipa washauri wawafanyie.

Ushauri wangu haujabadilika kwa miaka yote, na nitaurudia hadi nistaafu. Nunua kamba za nailoni za rangi tofauti. Kila kambi rangi yake, na kamba ifungwe kwenye boksi kulekule kambini, isingoje Mwanza. Mkipanga kwa uzito, pangeni ndani ya kambi moja kabla ya kugusa ya kambi nyingine. Na usilipe kabla ya kuandika. Pesa ikishatoka mfukoni hakuna anayekumbuka kalamu, iwe wewe au mvuvi.

Dhana: "Kiwanda kina vyeti vyote, hayo yanatosha."

Cheti cha kiwanda kinaanzia kwenye geti la kiwanda. Mfumo wa HACCP, yaani ule wa kutambua na kudhibiti hatari za chakula, uliobandikwa ukutani hauwezi kumbadilisha samaki aliyeoza kabla hajapokelewa. Na tafadhali, acheni kuandika rekodi za joto usiku wa kuamkia ukaguzi. Nimewahi kupewa fomu za miezi mitatu, kila siku nyuzi 3, wino uleule, mwandiko uleule, karatasi hazina hata tone la maji ya samaki. Fomu halisi huchafuka, na siku nyingine huonyesha nyuzi 7 pamoja na maelezo ya mlichofanya. Hiyo yenye nyuzi 7 ndiyo inayonifanya nikuamini.

Dhana: "Akiingia kwenye barafu, anarudi kuwa mzima."

Barafu hupunguza mwendo wa saa, haiirudishi nyuma. Sangara aliyelala kwenye mtumbwi tangu usiku hadi jua la saa nne ameshaanza kuharibika, na barafu ya mchana haiwezi kuufuta uharibifu huo. Anatakiwa ashushwe hadi joto la barafu inayoyeyuka, yaani karibu nyuzi sifuri, mapema iwezekanavyo. Kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki ndicho kipimo cha kuanzia. Nayo iwe barafu ya maji salama ya kunywa. Maji yaliyochotwa ufukweni yakagandishwa hubaki na uchafu wa ufukweni.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, nimeanza kusikia toleo jipya: "Siku hizi hatungoji kivuko, barafu kidogo inatosha." Daraja limefupisha safari ya gari kutoka Sengerema. Saa alizokaa samaki kwenye mtumbwi na kambini ziko palepale.

Dhana: "Wachanga wachache katikati ya boksi hawadhuru."

Mwisho wa chini kwa sangara ni sentimita 50, na hapo hakuna majadiliano. Lakini acha sheria, tazama mizani. Uzito wa samaki hukua kwa kasi kuliko urefu: wa sentimita 30 akiachwa afike 60, uzito wake unakuwa kama mara nane. Anayevua kwa kokoro au kwa timba, nyavu haramu zinazokamata hadi wachanga, anauza sehemu moja na kuzitupa saba, na hajampa samaki nafasi ya kuzaa. Kamba ya rangi niliyoisema inafanya kazi hapa pia, kwa sababu wachanga wakionekana utajua wametoka kambi ipi, na utajua pa kuacha kupeleka petroli.

Dhana: "Mtoto anamsaidia baba yake mtumbwini. Mnunuzi anataka samaki, familia zetu hazimhusu."

Sheria yetu wenyewe inamhusu mtoto huyo kabla ya mnunuzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi ya mabaharia chomboni wala mahali pengine pa hatari. Kuvua usiku katikati ya ziwa hili, bila jaketi la kuokolea, ni hatari; nani wa visiwani hajawahi kukaa matanga ya aliyezama? Wanunuzi nao wanabanwa kwao. Ujerumani ina sheria ya wajibu katika mnyororo wa ugavi tangu 2023, na Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya kuzuia bidhaa zilizotokana na kazi ya kulazimishwa, itakayoanza kutumika Desemba 2027. Kuhusu wavuvi wanaofungwa na deni lisiloisha, maswali yatakuja kwa kanuni hiyo. Mawakala wenye daftari lililoandikwa vizuri, deni likaonekana linavyopungua, watakuwa na cha kujibu.

Dhana: "Viwango ni ujanja wa Wazungu kutubana."

Nakubali kipande kimoja. Mwanzoni mwa 1998, wakati wa kipindupindu, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wetu, FAO yenyewe, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisema hatua ile haikuwa jibu linalofaa. Tuliumizwa bila sababu ya kutosha, na nitalisema hilo mbele ya mnunuzi yeyote. Lakini sumu ya 1999 ilikuwa ziwani mwetu, na maji hayo tunayapikia. Anayekula samaki wa kwanza kutoka kwenye mtumbwi ni mtoto wa mvuvi.

Nirudi kwa yule mzee. Sikubishana naye. Nilimwomba tukae kwenye benchi, alete daftari lake la madeni. Alilileta kwa kusitasita, nami nikamwambia pesa zake sina haja nazo, nataka kuona tarehe tu. Tukapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Boksi la tatu lilikuwa la kijana wa Ukara, aliyechukua petroli Jumanne na kurudisha samaki Alhamisi. La nne lilikuwa lake pia. La tano na la sita ni kambi nyingine. Tulipofika la 11, mzee akachukua kalamu mwenyewe, akaanza kuandika namba pembeni ya majina. Jumatatu nampelekea kamba.