Bendi ya mkoani: dhana potofu tunazorithishana Tabora

Vijana wa Tabora wanaoanzisha bendi siku hizi, wawe wa dansi, wa injili au wa roki ya magitaa, huingia kazini na maneno waliyoyakuta barazani. Mengi si kweli, na yanawagharimu. Yananiuma kwa sababu historia ya mji huuhuu inayajibu karibu yote.

“Bendi haitoki mpaka iende Dar”

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote, tena katika mji uliokuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe iliyotoa “Rangi ya Chungwa”, Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata: zote zilipata jina zikiwa Unyamwezini. Redio Tanzania ilizirekodi nyimbo za bendi za mikoani ikazirusha nchi nzima, na mtu wa Songea asiyewahi kukanyaga Tabora akawa anaimba nyimbo za Tabora.

Reli nayo ilifanya kazi yake. Ilifika hapa mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, baadaye ikachepuka kwenda Mwanza na Mpanda. Mji ulio njia panda hupokea watu, na wapigaji wakiwemo. Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, alianzia Lake Tanganyika Jazz ya kwao kabla ya kung’ara na Tabora Jazz kwa “Dada Asha”. Dar ina studio na ina matajiri, hilo halina ubishi. Lakini bendi inayohamia Dar kabla haijapata wapenzi nyumbani inakwenda kupanga chumba tu.

“Wimbo ukivuma, wapigaji wana hela”

Hapa ndipo watu wengi walipoumia. Wimbo uliorekodiwa redioni ulikuwa wa kurushwa hewani. Mkanda ulibaki redioni, na bendi ikarudi kwao na sifa. Santuri zilikuwa biashara ya Nairobi kwa sehemu kubwa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo nayo ikaziba. Wimbo ungeweza kuwa mdomoni mwa kila mtu huku aliyeutunga akisubiri kiingilio cha Jumamosi ili alipe kodi ya nyumba.

Mlangoni ndiko bendi ilikoishi, na bado ndiko inakoishi. Tazama hesabu ya usiku mmoja. Mwenye ukumbi anachukua fungu lake kwanza. Kisha mafuta ya jenereta, gari la kubebea vyombo, nyuzi zilizokatika, chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa watu wanane au kumi. Kwa mkoa wetu kuna na msimu: mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hapati mshahara wa mwisho wa mwezi, anapata fedha akishauza. Bendi inayopanga ziara ya vijijini wakati watu wako shambani na mifuko ni mitupu itacheza mbele ya watoto waliopanda ukutani.

“Vyombo ni vyetu sote”

Waliowahi kupiga dansi wanajua: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Mpigaji wa bendi ya aina hiyo alipotofautiana na uongozi, aliondoka na vidole vyake. Gitaa na amplifaya vilibaki. Kwa hiyo mfadhili akiwanunulia spika na ngoma, mwulizeni mapema, mbele ya mashahidi: ni zawadi, ni mkopo, au umetuajiri? Majibu yote matatu yanaweza kuwa mazuri. Kibaya ni kutouliza.

“Mwimbaji akihama, bendi imekufa”

Si lazima. NUTA hiyohiyo imebadili wapigaji wengi na majina yake yenyewe: JUWATA, OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, yaani mtindo ukageuka kuwa jina la bendi. Wapenzi walikuwa wa mtindo.

“Hakimiliki ni mambo ya mastaa”

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ipo. Kazi ya mtunzi wa Kachoma hapa mjini inasajiliwa sawasawa na ya mtunzi wa Kinondoni. Kinachokwamisha mara nyingi hutokea mapema zaidi, siku ya mazoezi, pale mmoja analeta maneno, wa pili anayapa solo, wa tatu anabadili besi, na hakuna anayeandika nani alifanya nini. Wimbo ukivuma, kila mmoja ni mtunzi.

R.E.M., bendi ya roki iliyoanza mwaka 1980 Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, Marekani, ilianza na lebo ndogo na kupiga kwenye kumbi ndogo. Wanne wale walikubaliana kwamba nyimbo zao ziandikwe kwa majina ya wote wanne, bila kujali nani alileta wazo. Mpiga ngoma aliondoka mwaka 1997, lakini bendi ilidumu hadi mwaka 2011. Si lazima bendi yenu igawane hivyo. Mnaweza kuamua mwenye maneno achukue nusu. Ila andikeni kwenye daftari, kila mtu atie sahihi, kabla ya kuingia studio kurekodi wimbo wa kwanza.