Je, wajua kwa nini kiungo huweza kukufikisha kwenye sehemu ya ukurasa bila kuifungua?

Katibu wa kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga huko Ahero, nje ya jiji la Kisumu, aliweka kwenye kundi lao la WhatsApp kiungo cha ukurasa niliowasaidia kuutengeneza. Anwani yake iliishia kwa #mbegu, ili kila mwanachama afike moja kwa moja kwenye maelezo ya mbegu. Waliokigusa waliona vichwa vinne vilivyofungwa, yaani Maji, Mbegu, Mbolea na Bei, na mzee mmoja akanipigia simu kuniambia, "Mwalimu, hapa hakuna kitu." Maelezo yalikuwapo, ila yalikuwa yamekunjwa chini ya kichwa chake, na kiungo hakikuweza kuyakunjua. Wengi wetu husoma tovuti kwenye simu, ambako maelezo marefu yasipokunjwa humlazimu msomaji kuteremka bila kikomo, na kwa hiyo nililichukua jambo hilo kwa uzito.

Chanzo chake kimo katika anwani yenyewe. Neno lililo baada ya alama ya reli, yaani #, halitumwi hata kidogo kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi ukurasa. Hubaki kwenye kivinjari cha msomaji, yaani programu anayofungulia tovuti. Seva hutoa ukurasa ule ule, awe msomaji anataka mbegu au bei. Ukurasa ukishafika, kivinjari hutafuta ndani yake elementi, yaani kipande cha ukurasa kama aya au kichwa, ambayo sifa yake ya id, yaani jina lake la utambulisho, inalingana na neno hilo, kisha huusogeza ukurasa mpaka elementi hiyo ionekane. Tangu mwanzo kiungo cha aina hii kilikusudiwa kuonyesha mahali, na amri ya kufungua kitu haikuwamo. Sehemu iliyofichwa kwa display: none, mtindo wa CSS (lugha ya kupangilia mwonekano wa ukurasa), haina urefu, haina upana, wala haina mahali popote kwenye ukurasa, hivyo kivinjari, hata kikiipata kwa id yake, hakina pa kusogea. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale wakulima.

Dawa ninayoipendelea ni tagi, yaani alama ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa, iitwayo details, ambayo hubeba ndani yake tagi ya summary kwa ajili ya kichwa, na yaliyobaki huwa ndiyo maelezo yanayokunjwa. Kati ya vivinjari, Chrome iliipokea mwaka 2011, Firefox mwaka 2016, na Edge mwanzoni mwa 2020, ilipohamia kwenye Chromium, msingi ule ule ambao Chrome imejengwa juu yake. Tagi hii hufunguka na kufungika bila JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya ukurasa, na anayetumia kibodi au programu ya kusoma skrini kwa sauti huitumia bila taabu, jambo ambalo vitufe vya kujitengenezea mara nyingi hulisahau.

Kanuni za HTML za sasa zinakiagiza kivinjari kwamba, kiungo kinapolenga elementi iliyo ndani ya details iliyofungwa, kianzie kwenye elementi hiyo, kiende juu ngazi kwa ngazi na kufungua kila details inayoizunguka, kisha ndipo kisogeze ukurasa. Chrome ilianza kufanya hivyo katika toleo la 97, mwaka 2022. Hapa kuna mtego ambao umewanasa watengenezaji wengi, nami nikiwa mmoja wao. Ukiweka id kwenye tagi ya details yenyewe, au kwenye summary, haitafunguka, kwa sababu kivinjari hufungua tu zile ambazo lengo limo ndani ya maelezo yake. Id inapaswa kuwekwa kwenye aya ya kwanza ya maelezo, au kwenye tagi ya div inayoyafunika yote. Hapo ukurasa utasogea mpaka aya hiyo iguse ukingo wa juu wa skrini, na kichwa chake kipotee juu; scroll-margin-top katika CSS huacha nafasi ya kutosha ili kichwa nacho kionekane.

Simu nyingi za kwetu ni za miaka kadhaa, na vivinjari vyake havijasasishwa, kwa hiyo bado nashauri kuongeza mistari michache ya JavaScript. Mistari hiyo isome neno la anwani, itafute elementi yake, na kuifungulia details inayoizunguka. Ugumu uko katika kuchagua wakati wa kuiendesha. Tukio la hashchange, yaani taarifa ambayo kivinjari huupa msimbo, hutokea neno la anwani linapobadilika ukurasa ukiwa tayari umefunguliwa, lakini halitokei ukurasa unapopakiwa mara ya kwanza, na huo ndio wakati wa mtu anayetoka WhatsApp. Halitokei pia msomaji anapofungua Mbegu kwa kiungo, akaifunga kwa mkono, kisha akagusa kiungo kile kile tena, maana anwani haijabadilika. Msimbo sharti uendeshwe ukurasa unapopakiwa, neno linapobadilika, na kiungo chenyewe kinapoguswa.

Wapo wanaotumia :target ya CSS peke yake, ambayo huonyesha elementi inayolengwa na anwani. Hufanya kazi, lakini kuifunga sehemu hiyo hulazimu anwani ielekezwe kwingine, na kila hatua huongezeka kwenye historia ya kivinjari, hata msomaji anayetaka kurudi nyuma akajikuta anarudia sehemu zote alizozifungua. Zipo pia tovuti ambazo viungo vyake vya menyu hufungua sehemu kwa JavaScript bila kugusa anwani. Hizo siziungi mkono, kwa kuwa msomaji akimtumia jirani yake anwani, jirani hupata ukurasa uliofungwa.

Kwa ukurasa wa Ahero nilibadilisha vichwa vyote vinne viwe vya details, nikaweka kila id ndani ya maelezo yake, na nikaongeza ile mistari ya msimbo kwa ajili ya simu za zamani. Katibu hakulazimika kutuma kiungo kipya. Neno #mbegu lilibaki lile lile, na ujumbe wake wa awali, uliokuwa bado umo kwenye kundi, ulianza kuwafungulia wanachama maelezo ya mbegu.