"Akiingia Yeye, Mambo Yatanyooka": Dhana za Wafuasi wa Vyama na Ukweli Wake

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Dar es Salaam, iwe Magomeni, Manzese au Temeke. Mwenye kofia ya kijani ya CCM na mwenye gwanda la Chadema watabishana tangu alasiri mpaka kashata ziishe kwenye sinia. Ukiwasikiliza vizuri, imani yao ni moja: shida yote ni nani yuko Ikulu, na akiingia wa kwetu mambo yatanyooka. Imani hiyo imetugharimu sana.

Dhana: Rais akishatamka, imeshakuwa sheria

Hii ndiyo iliyowaumiza watu wengi zaidi katika jiji hili, na walioumia ni wenye mitaji midogo kuliko wote. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mtu alilipa 20,000, akavaa kitambulisho chake, na agizo likawa kwamba asibughudhiwe. Kariakoo ikafurika. Mtaa wa Kongo ukawa wa kupita upande upande, na vibanda vya Ubungo na Mbagala Rangi Tatu vikasogea hadi kwenye vituo vya daladala. Wapo waliokopa kwenye vikoba ili kuongeza mzigo, wakijua eneo limeshakuwa lao.

Ukweli ni kwamba sheria inayolinda hifadhi ya barabara haikuguswa, wala sheria ndogo za halmashauri. Kilichobadilika ni kauli ya mtu mmoja, na mtu huyo alifariki Machi 2021. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo, wamachinga wakaondolewa barabarani na kutakiwa kwenda kwenye maeneo waliyopangiwa. Nilimwona kijana mmoja amekumbatia furushi lake la soksi, anamwonyesha mgambo kitambulisho kilichokuwa bado kinaning'inia shingoni. "Kaka, si hiki hapa?" Akajibiwa, "Hicho kilikuwa cha wakati ule, mdogo wangu. Toa meza."

Kijana yule hakuwa mjinga. Alimwamini kiongozi aliyempenda, na hakuna aliyemwambia adai agizo lile liandikwe kwenye sheria wakati aliyelitoa bado yupo. Chama tawala kilikuwa na wabunge wa kutosha kabisa kulifanya hilo. Wafuasi wake hawakuliomba, kwa sababu waliona kauli inatosha. Mpaka leo jambo hili linaniuma.

Dhana: Akiahidi jukwaani, fedha ipo

Kampeni za Magufuli za 2015 zilikuja na ahadi ya shilingi milioni 50 kwa kila kijiji na mtaa. Vijiji peke yake, huku Bara, ni zaidi ya 12,000. Zidisha, unapata zaidi ya shilingi bilioni 600 kabla hujagusa mtaa hata mmoja wa mjini. Hesabu hiyo ingeweza kupigwa palepale kijiweni, lakini walioipiga walikuwa wachache. Muhula ukaisha, fedha hazikufika.

Sasa angalia ahadi nyingine ya kampeni hizohizo: elimu bila ada. Januari 2016 watoto waliingia darasani bila ada, kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Aliyeahidi ni yuleyule, na uchungu wake kwa maskini haukubadilika kati ya ahadi moja na nyingine. Tofauti ni kwamba elimu ilitolewa waraka na ikatengewa fungu, ruzuku ikawa inakwenda shuleni kila mwezi. Rais hana mkoba wake binafsi wa nchi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria, na matumizi ya serikali yanapitishwa na Bunge kule Dodoma kila Juni, mwaka wa fedha ukianza Julai 1. Mgombea akija Mbagala na ahadi, kabla ya kumpigia vigelegele aulizwe: fungu lipi, na kodi gani?

Dhana: Chama ni kilekile, kwa hiyo sera ni zilezile

Wazee wetu walimsindikiza Mwalimu Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, wengi wakiamini Mzee Mwinyi ataendelea alipoachia mwenzake. Mwaka uliofuata serikali ikakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawaruhusu viongozi wa chama kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, mambo ambayo Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la Mwalimu, lilikuwa limeyapiga marufuku. Wengi walishukuru, maana maduka yalikuwa matupu. Lakini kofia ni zilezile za kijani.

Dhana: Wa upinzani hawezi kuwa kama hawa

Hili nawaambia ndugu zangu wa upinzani kwa upendo, kwa sababu najua wengine wamelipia msimamo wao kwa kukaa mahabusu. Frederick Chiluba wa Zambia alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na Rais Kaunda aliwahi kumweka kizuizini. Mwaka 1991 akamshinda Kaunda kwa kura. Mwaka 1993 yeye mwenyewe akatangaza hali ya hatari. Mwaka 1996 Katiba ikabadilishwa kwa namna iliyomzuia Kaunda kugombea tena, na 2001 wafuasi wa Chiluba wakawa wanampigania apate muhula wa tatu, mpaka wananchi na baadhi ya wenzake chamani wakakataa. Alikikuta kiti chenye nguvu nyingi, naye akazitumia.

Kwetu, ibara ya 37 inamwacha Rais huru kutofuata ushauri anaopewa, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Ibara hiyo haiulizi katoka chama gani. Mchakato wa kuibadili Katiba ulitangazwa na Rais Kikwete mwishoni mwa 2010, uchaguzi ukiwa umeshapita, na ukazaa Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014. Kura ya maoni ya Aprili 2015 iliahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Anayesubiri mtu wake aingie kwanza ndipo madaraka yapunguzwe, ajiulize mtu huyo atakuwa na sababu gani ya kujipunguzia.

Dhana: Kumkosoa wa kwetu ni kumpa adui silaha

Kwa mujibu wa ibara ya 71, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza ubunge. Ndiyo maana wengi wananyamaza hata pale wanapoona mambo yanakwenda kombo. Mwanachama wa tawi la Tandale au Buguruni hana ubunge wa kunyang'anywa, kwa hiyo ndiye mwenye nafasi ya kuuliza kuliko mheshimiwa wake. Kikao cha tawi kikiitishwa aende na ilani mkononi, afungue ukurasa wenye ahadi inayohusu mtaa wake, amuulize mwenyekiti imeingia kwenye bajeti ya mwaka gani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.